Monsieur wa Nyalukemba

Kasha, Bagira
tarehe 9 mwezi wa pili 1984

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo wa mtoto aliyekula ugali wako mpaka akakua. Habari za goti lako? Habari za mbuzi? Je, bado wanaruka ule ukuta wa marehemu Papa na kula majani ya sombe ya jirani Constance? Mimi kwa afya sijambo. Malaria ya Noeli imekwisha kabisa, na hapa Kasha maji yamerudi bombani, basi namshukuru Mungu.

Kazi ndiyo hainiendei vizuri. Directeur aliniita mbele ya wenzangu wote katika biro yetu ya kusaidia vikundi vya wamama na kusema, "Citoyenne Nabintu, nikikupa karatasi asubuhi, saa sita haiko." Ni kweli, Shangazi. Kuna barua ya Kinshasa niliyoiweka mahali pazuri ili isipotee, na mahali pale pazuri hatujapaona hadi leo. Funguo za kabati nilikwenda nazo sokoni ndani ya kikapu cha vitunguu. Mikutano naikumbuka ikiwa imekwisha. Amenipa mpaka Pasaka nibadilike, la sivyo nitafute kazi pengine, na unajua hii ni kazi yangu ya tatu. Najitahidi mpaka kichwa kinauma. Watu wanasema ni uvivu tu, na nimefika mahali ambapo hata mimi sijui tena kama wanakosea.

Lakini kuna jambo. Huku mtaa wa Nyalukemba yuko Monsieur mmoja, mtu wetu, msomi aliyekaa Ubelgiji miaka mingi, mwenye heshima zake. Jeanine wa biro yetu ndiye aliyenionyesha nyumba yake. Nimekwenda kwake mara mbili baada ya kazi, bila kutangaza. Ni mpole na anasikiliza. Anataka kunifahamu vizuri, na kabla ya kusema neno lake la mwisho anataka kupata habari zangu kwa mtu aliyenilea. Neno lake linaweza kunisaidia sana, hata kazini. Nakuomba umwandikie. Anauliza hivi: nilikuwa mtoto wa kutulia? Nikitumwa kazi, niliimaliza? Nilipoteza vitu? Nilikuwa na hasira za haraka? Masomoni walisema nini juu yangu?

Mwandikie wewe mwenyewe, ufunge bahasha, mimi nisiisome kabla yake. Ndivyo anavyotaka. Mpe Gaston wa pick-up, ataniletea. Na tafadhali usimwambie mtu kwanza, naona haya kidogo.

Nakukumbatia,
mtoto wako, Adélaïde


Kavumu
tarehe 14 mwezi wa pili 1984

Adé, mwanangu,

Salamu kutoka kwenye nyumba yenye furaha. Barua yako imenikuta nachagua maharagi. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama, mara ya pili nikakaa chini, na maharagi yenyewe sijui niliyaacha wapi. Unauliza goti. Goti liliuma tangu kazi ya lazima ya Salongo ya Jumamosi, lakini nilipofika pale ulipoandika habari za Monsieur, likapona.

Ungesema moja kwa moja tu. Mwanamke wa miaka thelathini na tatu hana haja ya kuzunguka namna hiyo kwa shangazi yake. Hata hivyo haya zako zimenifurahisha, zinaonyesha kwamba umelelewa. Mambo ya Directeur na karatasi zake sitayajibu leo. Mungu akikupa mume mwenye nyumba Nyalukemba, karatasi zinaweza kungoja.

Na huyu Monsieur nampenda kabla ya kumwona. Siku hizi vijana wanaulizana kwenye bar, muziki unapiga, kesho yake wameoana. Yeye hapana. Amekaa Ubelgiji miaka yote hiyo na bado anajua kwamba habari za msichana zinaulizwa kwa shangazi. Maswali yake ni yale yale waliyoyauliza watu wa marehemu mume wangu walipokuja kwetu: anatulia? Anamaliza kazi? Anavunja vyungu? Nilisoma nikasema, huyu ni mtu wa kwetu kabisa.

Nimemwandikia kurasa mbili, kwa mwandiko wangu mzuri niliofundishwa na Masista, na bahasha nimeifunga kwa gundi ya unga. Usiwe na wasiwasi. Hakuna kitu humo kitakachomkimbiza.

Ulisema nisimwambie mtu. Nimewaambia wachache tu: Constance, kwa sababu ndizi za pombe ya kasiksi ziko kwake, Gaston, kwa sababu yeye ndiye anayebeba bahasha, na Constantin katekista, ili atuombee. Ndizi ziko shimoni tayari, zinaiva. Watu wa Monsieur wakija, hawatanikuta na chupa za maji.

Swali moja tu, nawe usinune: amebatizwa?

Shangazi yako, Godelive, ambaye leo ameimba jikoni


Kasha, Bagira
tarehe 27 mwezi wa pili 1984

Shangazi,

Natumaini uko mzima. Mimi mwilini ni mzima. Nilingoja siku kadhaa kabla ya kukuandikia ili nisiandike vibaya, na bado sijui kama nimengoja vya kutosha.

Monsieur ni daktari. Anaitwa Daktari Bisimwa, ana mke na watoto, na nyumbani kwake anapokea watu wenye shida za kichwa na moyo. Nilikwenda kwake kwa siri kwa sababu niliogopa hospitali; mtu wa biro angenipita nimekaa kwenye benchi lile ambalo kila mtu analijua, na kesho yake wangesema Nabintu ameanza wazimu. Hata kwako niliogopa kuandika neno daktari. Nikaandika Monsieur.

Alifungua bahasha yako mbele yangu. Alisoma kwa sauti, polepole. Kwamba tangu nizaliwe sijapoteza hata sindano. Kwamba kanisani nilikaa kama sanamu ya Bikira mpaka mapadri wenyewe wakashangaa. Kwamba nikianza kazi, mvua inyeshe, jua liwake, naimaliza. Kwamba hasira siijui. Na mwisho, kwamba nina nyonga nzuri za kuzaa. Hapo alivua miwani yake akaniangalia.

Akaniuliza kama shangazi yangu alielewa ni nani anayeuliza. Nikakiri kwamba nilikuficha. Akanieleza tena, kwa upole, kwa nini anahitaji ushuhuda wa utoto. Kuna watoto ambao mawazo yao hayakai mahali, na mwili unayafuata. Wanasahau, wanapoteza, wanaanza na kuacha, na wanaadhibiwa sana. Zamani madaktari wa Ulaya walidhani mambo hayo yanakwisha mtoto akikomaa, lakini sasa wameona kwamba kwa wengi hayakwishi. Mtu anayo toka utotoni, ama hana. Kama nilikuwa mtoto wa kutulia, basi kinachonisumbua leo ni kitu kingine, na yeye hawezi kumwandikia Directeur neno lolote.

Unajua nilifikiri nini nikiwa pale? Kwa muda kidogo niliamini barua yako. Nilisema moyoni, kumbe nilikuwa mtoto mzuri, nikajiharibu mwenyewe, basi ni uvivu kweli. Nililia kutoka Nyalukemba mpaka Kasha.

Kwa nini uliandika hivyo, Shangazi? Hata kama angekuwa mchumba, angekaa nami muda gani kabla ya kuona? Nakuomba uandike tena, na safari hii useme kweli, hata iwe mbaya. Kazi yangu iko hapo, lakini zaidi ya kazi, nataka kujua mimi ni mtu wa namna gani.

Adélaïde wako


Kasha, Bagira
tarehe 19 mwezi wa tatu 1984

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi, na za aibu. Kila Gaston anapofika kwenye soko la Nkafu naenda kumwuliza, naye anatikisa kichwa. Anasema barua yangu alikupa mkononi, ukaisoma mlangoni, ukaifunga kwenye pindo la kikwembe chako na kuingia jikoni. Anasema pia kwamba kasiksi ilinywewa, lakini hakuna aliyemwambia ilikuwa ya nini.

Kosa lilianza kwangu. Ningeandika neno daktari, usingechimba shimo la ndizi. Nilikuandikia kwa ukali, na wewe ndiye mtu pekee duniani ambaye hajawahi kunisema vibaya. Naomba msamaha, nimepiga magoti ingawa hunioni.

Daktari Bisimwa bado anangoja. Wiki iliyopita alimwuliza Jeanine kama naendelea vizuri. Directeur naye anangoja, kwa namna yake. Juzi nimepoteza muhuri wa biro. Baadaye ukaonekana kwenye mfuko wa koti langu, lakini wote walikuwa wameinama chini ya meza wanautafuta, na mimi nimeinama pamoja nao. Pasaka inakaribia.

Hata mistari michache, Shangazi. Na kama hutaki kuandika, niambie tu goti linaendeleaje.

Mtoto wako, Adélaïde


Kavumu
tarehe 2 mwezi wa nne 1984

Adé, mwanangu,

Amani ya Mungu ikukute umekaa, kama unaweza kukaa. Huku tuko wazima. Mvua imezidi, pick-up ya Gaston inalala kwenye matope kuliko inavyotembea. Mbuzi mkubwa amezaa mapacha. Goti limerudi kuuma tangu siku niliyojua kwamba Monsieur ni daktari.

Sikunyamaza kwa hasira. Nilipoisoma barua yako nilicheka kwanza, kwa sababu ya zile nyonga. Kisha nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Ilinibidi niende kwa Constance nimwambie hakuna mchumba, na pombe ilikuwa imeiva, nayo haingoji mtu. Tuliinywa na majirani. Gaston aliuliza tunasherehekea nini, nikamwambia anywe tu.

Baada ya hapo kila nilipochukua kalamu ya bic, mkono ulikataa. Tangu ukiwa mdogo nimekuwa nikikufunika. Watu walisema mtoto huyu nani atamwoa, na mimi nikawajibu ametulia siku hizi, amekua, hata wembe hapotezi. Nimesema hivyo miaka mingi mpaka ulimi umezoea. Daktari wako alipouliza, mkono ukaandika yale yale, na kama angekuwa mchumba kweli ningeandika hivyo tena, sitakudanganya. Lakini mtu anayetaka kukusaidia ni mwingine. Basi naandika kweli. Mpe barua hii yote aisome kama ilivyo.

Ulikimbia kabla ya kujua kukaa. Nilikutuma dukani kununua chumvi, ukarudi na mtoto wa jirani Bibiane mgongoni. Ulimkuta njiani analia, ukambeba, chumvi ukaisahau, na mama yake akamtafuta mpaka karibu na uwanja wa ndege. Nikakutuma tena. Ukarudi unaimba, bila chumvi na bila kibakuli. Usiku ule tulikula maharagi matupu na wewe ukauliza kwa nini hayana ladha.

Viatu usiniambie. Uliwahi kurudi nyumbani na viatu viwili vya mguu wa kushoto, na kimoja hakikuwa chako.

Siku ya komunyo ya kwanza ulikuwa wa nne kwenye mstari, na gauni jeupe nililolishona mwezi mzima. Nje wakapita watu wa ngoma wanaokwenda kwenye harusi. Padri aliinua macho, wa nne hayuko. Tulikupata kwenye harusi ya watu tusiowajua, unacheza mbele ya bibi harusi, na gauni lote ni tope. Hasira zako zilikuwa kama moto wa majani makavu: ulimpiga binamu yako asubuhi, saa sita ulikuwa unamlisha kwa mkono wako.

Masomoni, Sista alikufunga kwenye benchi kwa kitambaa ili ukae. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka. Nilipopata habari nilikwenda, nikafungua kitambaa mwenyewe, nikamwambia, "Sista, huyu mutoto mumupe kazi ya mikono, masikio itasikia." Kuanzia siku ile ulifuta ubao, ulichota maji, uligawa vibao vya kuandikia vya wenzako, na mwisho wa mwaka uliwapita wavulana. Katekisimu nilikufundisha tukitwanga. Bila mchi mkononi hukukumbuka hata jina la Papa wa Roma. Hadi leo nikitwanga sombe nakusikia ukikariri amri ya sita.

Daktari ajue na upande mwingine. Mwaka nilipolala na homa ile iliyotaka kuniua, ulikuwa bado msichana mdogo, na hukutoka kando ya kitanda changu. Dawa hukuisahau hata mara moja. Ulinilisha uji mpaka nikakataa kwa shibe. Kitu kikikushika moyo, hakuna anayeweza kukubandua. Mtu mvivu hafanyi hivyo.

Sasa nakuambia jambo ambalo Daktari hakuliuliza. Nilijua kukulea kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumwona mtu wa namna hiyo. Ni ndugu yangu Marcellin, baba yako. Mama yako alipofariki akikuzaa, Marcellin alikuleta kwangu, akasahau kuleta nguo zako. Wewe hukumjua vizuri. Alikuwa na mikono ya dhahabu na hakumaliza kitu. Shuleni Mwalimu Pascal alimpiga fimbo kila asubuhi, kwa daftari, kwa kalamu, kwa kuangalia dirishani, mpaka akaacha shule. Akaenda kwenye mashamba ya chai, akaacha. Akaenda kujenga uwanja wa ndege, akaacha. Kila aliporudi walimwita mvivu, na yeye alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anahangaika mpaka jua linazama. Alianza kunijengea jiko. Alijenga ukuta mmoja, ukafika mapajani, akasikia kwenye machimbo ya Kamituga wanatafuta watu, akaondoka siku ile ile na udongo ukiwa bado kwenye ndoo. Huko ardhi ikamwangukia. Ukuta ndio ule ambao mbuzi wanauruka.

Kwenye maziko yake mtu mmoja alisema angalau sasa atapumzika, na wengine wakacheka. Nilitaka kumjibu, nikakosa neno. Miaka yote hii nalitafuta hilo neno. Ulipoanza kukimbia kama yeye niliapa kwamba fimbo haitakugusa, na haikukugusa.

Muulize Daktari wako, kwa heshima zote: kitu hiki, Marcellin naye alikuwa nacho?

Nakutumia kuku kwa ajili yake. Mshike miguu vizuri.

Shangazi yako, Godelive


Kasha, Bagira
tarehe 24 mwezi wa nne 1984

Shangazi wangu,

Kristo amefufuka, na mimi pia kidogo. Natumaini Pasaka imekukuta vizuri na kwamba goti lilikubali kupanda mpaka parokia. Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa tangu mwaka huu uanze. Kaa kwanza ndipo usome.

Kuku alinitoroka mbele ya lango la Daktari. Nilimshika miguu kama ulivyosema, kisha nikaona ua jekundu ambalo sijawahi kuliona, nikalegeza mkono. Nilimkimbiza mpaka kwenye bustani ya jirani. Daktari aliyaona yote dirishani, na nilipoingia, nywele zimejaa majani, akasema huo nao ni ushuhuda.

Aliisoma barua yako mara mbili. Kwenye chumvi alicheka mpaka mke wake akaja kuchungulia. Kwenye kitambaa cha Sista hakucheka. Alipofika kwenye habari za Papa Marcellin aliweka karatasi mezani. Kisha akasema hana shaka tena juu yangu. Ni kile kitu. Kwa Kifaransa wanakiita trouble de l'attention, yaani shida ya mawazo kutokaa mahali, nimekiandika hapa ili Constantin akusomee vizuri. Nilizaliwa nacho kama nilivyozaliwa na pua yangu. Nilimwomba aseme tena, akasema tena.

Dawa ipo Ulaya, hapa haipatikani, na hakunidanganya kwamba itafika kesho. Lakini alisema kuna mengi ya kufanya bila dawa, akaanza kunieleza: jambo moja kwa wakati mmoja, mikono ipewe kazi wakati masikio yanasikiliza, mtu mmoja wa kunikumbusha bila kunigombeza. Nikamwambia hayo yote nayajua, ndivyo nilivyolelewa. Akasema bila wewe huenda tusingeonana, maana wengi wa namna yangu hawafiki mahali pa kuwa na biro ya kupotezea karatasi.

Nilikuuliza kwa ukali kwa nini ulisema uongo. Sasa nakushukuru kwa kweli uliyoniandikia, na hata kwa ule uongo, kwa sababu nimeelewa ulikuwa unanilinda na nini. Nimekushukuru njia nzima, kwa sauti, watu wakaniangalia.

Juu ya Papa, Daktari alifikiri kabla ya kujibu. Alisema daktari hawezi kuapa juu ya mtu ambaye hakumwona kwa macho. Lakini jambo hili mara nyingi linatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na kwa yale uliyoyaandika, yeye haoni jina lingine la kumpa. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, nimeyarudia njiani nikibonyeza vidole ili nisiyasahau: "Umuambie shangazi yako, huyu papa hakukuwa muvivu. Alikuwa anachoka kuliko bengine, na hakuna mutu alimusaidia."

Alimwandikia Directeur. Jumatano ya juma takatifu tulikaa watatu, mimi, Directeur na Jeanine. Directeur alisoma, akajikuna kichwa, akasema yeye hajui mambo ya ugonjwa lakini anajua mahali ambapo kazi inakwama. Baada ya Pasaka natoka kwenye karatasi. Nitazunguka Walungu, Kabare na Katana kutembelea vikundi vya wamama, kusikiliza na kuwafundisha, na Jeanine ndiye atakayeandika ripoti nikimsimulia. Kutotulia ndiyo kazi yangu sasa.

Na barua ya Kinshasa imepatikana. Jumapili ya Pasaka nilifungua misale yangu, kitabu cha misa, barua ikaanguka miguuni pa Padri. Niliiweka humo ili isipotee.

Nitapita Kavumu nikienda Katana. Nipikie sombe, mimi nitatwanga.

Mtoto wako anayekushukuru, Adélaïde


Kavumu
tarehe 7 mwezi wa tano 1984

Adé, mwanangu,

Nakusalimu, na mbuzi wanakusalimu. Tuko wazima sote, goti linaniacha nilale. Barua yako niliisoma chini ya taa mpaka mafuta yakaisha, na asubuhi nikaisoma tena. Namshukuru Daktari Bisimwa. Nimemwombea yeye, mke wake, watoto wake, na yule kuku. Directeur pia namwombea, ingawa alinitia hofu.

Sasa nikusimulie ya jana Jumapili.

Jumamosi, baada ya Salongo, nilikwenda kwa Constantin na mayai kwenye kikapu, nikamwomba misa kwa ajili ya marehemu. Unajua kwetu nia za misa anazisoma yeye, kwa sauti, kabla Padri hajaingia, na kila mtu anasikiliza ili ajue nani anamwombea nani. Nilimpa karatasi. Aliisoma akanitazama, akaniuliza, "Maman Godelive, na haya ya nyuma nisome?" Nikamwambia asome vile nilivyoandika.

Kanisa lilijaa. Alisoma ya familia ya Bibiane, akasoma ya mavuno, kisha akakohoa akasoma: "Kwa ajili ya Marcellin, ndugu ya Godelive, ambaye hakuwa mvivu." Watu waligeuka. Mtu mmoja akadondosha rozari. Mimi niliangalia mbele tu. Nilivaa kikwembe kipya, kile nilichokiweka kwa ajili ya watu wa Monsieur.

Tulipotoka, Mwalimu Pascal alikuwa ananingoja mlangoni. Ni mzee sasa, anatembea kwa mkongojo. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, kuna daktari amesema, ni kitu mtu anazaliwa nacho. Aliegemea mkongojo wake, watu wakatupita. Kisha akasema, "Basi nilimupigaka bure."

Sikuwa na hasira naye, Adé, na hilo lenyewe lilinishangaza. Kwa miaka yote nilitafuta neno la kuwajibu watu, na nilipolipata sikutaka tena kumpiga nalo mtu yeyote. Nilimshika mkono nikamleta nyumbani, tukala maharagi yenye chumvi. Jikoni viti vilikuwa vimejaa majirani waliokuja kuuliza, basi akakaa juu ya ukuta wa Marcellin. Kabla ya kuondoka aliupapasa kwa kiganja, akasema umejengwa vizuri. Ni kweli, umesimama mvua zote hizi.

Asante, mwanangu. Ulikwenda Nyalukemba kwa ajili yako, ukaniletea ndugu yangu.

Sombe iko shambani, inakungoja. Ukifika, pitia kwa Constance uchukue mchi wangu, alikuja kuuazima. Au acha, nitauchukua mimi.

Shangazi yako, Godelive, dada ya Marcellin